Gillman: mhandisi wa reli aliyewaweka Watanganyika kwenye nukta

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika ukingo wa kreta alfajiri, akiwa hoi, na kukuta kibao kimeandikwa Gillman's Point. Anapiga picha ya haraka, anavuta pumzi, anaendelea na safari ya kileleni Uhuru. Wachache sana huuliza huyo Gillman alikuwa nani.

Alifika hapo mwaka 1921, ndiyo. Lakini mlima haukuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa huku chini, kwenye mabonde kama la mto Mkondoa pale Kilosa. Na swali alilolihangaikia kwa kalamu na karatasi ndilo lile lile ambalo leo watumishi wa mashirika ya misaada wanafundishwa kulijibu kwa kompyuta: watu wako wapi hasa?

Clement Gillman alizaliwa mwaka 1882 mjini Madrid, Hispania. Baba Mwingereza, mama Mjerumani. Akasomea uhandisi Zürich, Uswisi, na mwaka 1905 akaja huku, wakati nchi ikitawaliwa na Wajerumani. Mwaka mbaya wa kuanzia kazi: ndio ule vita ya Maji Maji ilipolipuka, na moto wake ukafika mpaka upande wa Kilosa.

Aliletwa kujenga Reli ya Kati. Reli ilitoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikaingia Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwenye ramani inaonekana mstari mmoja mzuri. Kilosa kwenda Gulwe, hata hivyo, ni habari nyingine. Hapo reli imebanwa bondeni, ubavuni mwa mto, kwa kilomita nyingi.

Na mto wenyewe una tabia yake. Kule juu, upande wa Dodoma, unaitwa Kinyasungwe, na kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Ukishuka unakuwa Mkondoa, mbele zaidi unaungana na Wami. Mvua ikipiga huko juu, Kilosa wanaweza kuwa na jua kali huku maji yakiwa njiani. Yakifika yanakula tuta, daraja linaondoka, reli inabaki inaning'inia na mataruma yake hewani. Mhandisi wa reli hiyo alilazimika kujua mvua imenyesha wapi, maji yatapita wapi, na nani anaishi katikati.

Vita vya 1914 vilimkuta mahali pagumu: raia wa Uingereza anayewafanyia kazi Wajerumani. Vita vilipoisha Waingereza walichukua nchi, na Gillman akabaki relini, safari hii chini ya bendera nyingine. Alipanda cheo mpaka kuwa mhandisi mkuu wa Reli za Tanganyika.

Miaka ya 1920 alitumwa kupima njia za reli ya kwenda kusini-magharibi ya nchi. Hapo sasa ndipo akili yake ilipoanza kutoka kwenye chuma na kwenda kwa watu. Reli hulipa gharama zake kama kuna watu wa kupanda na mazao ya kubeba. Kupita nyikani ni kutupa fedha. Basi alipokuwa akitembea na vipimo vyake, aliandika pia udongo, miti, visima, mashamba, na mahali ambapo hapakuwa na mtu kabisa. Aliandika shajara tangu alipofika nchini, miaka nenda rudi.

Matunda yake yalitoka mwaka 1936: ramani ya watu wa Tanganyika, iliyochapishwa katika jarida la jiografia la Geographical Review, Marekani.

Alitumia sensa ya 1931, iliyotoa hesabu ya Waafrika kama milioni 5. Takwimu zilikuja kwa wilaya. Mtu mvivu angechukua idadi ya watu wa wilaya, akagawa kwa ukubwa wa eneo, akapaka rangi, kazi imekwisha. Gillman hakufanya hivyo. Aliweka nukta, kila nukta ikiwakilisha idadi fulani ya watu, na akaziweka pale watu walipokuwa wakiishi kweli: kando ya mto, kwenye mteremko wa mlima wenye mvua, ufukweni mwa ziwa.

Tofauti si ndogo. Chukua mfano wa kubuni: wilaya yenye watu 100,000 na kilomita za mraba 10,000. Wastani ni watu 10 kwa kila kilomita ya mraba. Lakini kama watu 90,000 wanaishi kwenye kilomita 1,000 tu za bondeni, huko ni 90 kwa kilomita moja. Ile 10 haipo popote. Ni namba ya karatasini.

Kilosa ni mfano hai wa jambo hilo. Upande mmoja kuna bonde la Mkondoa, watu wamesongamana kwenye udongo wa mpunga na mahindi. Upande mwingine, kuelekea Mikumi, kuna mbuga pana ambazo kwa sehemu kubwa tangu 1964 ni Hifadhi ya Taifa, makazi ya tembo na nyati. Ukiweka vyote kwenye chungu kimoja ukakoroga, unapata wastani usiomhusu mkulima wala tembo.

Ramani nzima ilipokamilika ilishtua: takriban theluthi mbili ya watu walikuwa wamejibana kwenye sehemu moja ya kumi ya nchi. Kwingine maji ya kudumu hayakuwapo, au mbung'o walikuwa wametawala. Watawala waliozoea kusema Tanganyika ina ardhi tele walipewa kitu cha kufikiria.

Sasa ruka mpaka Desemba 2009 na Januari 2010. Mvua kubwa zilinyesha, Mkondoa ukavunja tuta lililokuwa likiukinga mji wa Kilosa, na zaidi ya watu 20,000 wakakosa makazi. Treni zilisimama. Msalaba Mwekundu na Serikali walipeleka mahema. Katika hali kama ile, wastani wa wilaya haumsaidii mtu. Anayepanga mahema anataka kujua kila mtaa una kaya ngapi, uko mita ngapi kutoka mtoni, na kisima salama kiko wapi.

Ndiyo sababu mashirika ya misaada siku hizi yanawafundisha watumishi wao lugha ya programu ya takwimu inayoitwa R. Ni ya bure. Ilianzishwa na wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, miaka ya 1990. Madaktari Wasio na Mipaka, kwa mfano, wameshiriki kuandaa vielelezo vya R vya kuchambua milipuko ya magonjwa na tafiti za vifo na chanjo.

Anachojifunza ofisa wa misaada ni kazi ya Gillman kwa mistari michache. Unasoma jedwali la kaya zilizosajiliwa kwa simu. Unaliunganisha na faili la mito. Unaiambia kompyuta ihesabu walio ndani ya mita 500 za maji, kisha ichore nukta. Kinachowasumbua wengi darasani si hesabu. Ni majina: kijiji kimoja kimeandikwa kwa namna tatu, kompyuta inaona vijiji vitatu, na watu wa mahali pamoja wanagawanyika kwenye orodha ya mgao.

Gillman naye alikuwa na ugonjwa wake wa data, mkubwa kuliko huo. Sensa ya 1931 ilifanywa kupitia machifu na majumbe, watu wale wale waliohusika na kukusanya kodi. Kuhesabiwa kulinuka kodi. Nani angetaja kila kijana aliyemo nyumbani? Mwaka 1948 sensa iliyoandaliwa vizuri zaidi ilikuta Waafrika zaidi ya milioni 7. Ongezeko la kiasi hicho kwa miaka 17 ni gumu kuliamini. Bila shaka wengi walikuwa hawakuhesabiwa ile mara ya kwanza. Jicho lake lilikuwa kali, lakini nukta zake zilirithi woga wa watu ambao hakuna aliyewaeleza kwa nini wanahesabiwa.

Kwa R, takwimu mpya zikifika unabadilisha faili, unaendesha maelekezo yale yale, ramani inatoka upya kabla chai haijapoa. Yake ilichorwa kwa mkono. Na sensa ya 1948 hakuiona.

Baada ya kuachana na reli mwishoni mwa miaka ya 1930 aliishauri Serikali kuhusu maji. Aliandika historia fupi ya reli za Tanganyika mwaka 1942, na makala juu ya kukua kwa mji wa Dar es Salaam mwaka 1945. Alifariki mwaka 1946. Ramani yake ya uoto wa Tanganyika ilitoka mwaka 1949, mwenyewe akiwa kaburini. Tawi la reli kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu lilijengwa miaka ya 1960. Shajara zake zimehifadhiwa Oxford, Uingereza.