Samuel Muindi Mbingu na Watu Wasiokuwa na Gazeti

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Machakos huiacha njia kuu hapo Kyumbi. Asipoiacha, hufika Athi River, kilipojengwa kiwanda cha nyama cha Liebig karibu na msiba wa mwaka 1938. Habari za Samuel Muindi Mbingu, mtu wa nchi hiyo, zatupasa sisi watu wa pwani, kwani alipata kuwa mgeni wetu Lamu bila ya hiari yake.

Mwaka huo Serikali ilidai kuwa ng'ombe wa Wakamba wamezidi, na udongo wachukuliwa na maji. Ardhi iliyotwaliwa na walowezi haikutiwa katika hesabu hiyo. Ng'ombe wakakamatwa kwa nguvu, wakauzwa kwa bei duni. Na ng'ombe kwa Mkamba ndiye akiba, ndiye mahari, ndiye maziwa ya watoto.

Wangelilia wapi? Gazeti lao hawakuwa nalo. East African Standard, lililozaliwa Mombasa 1902 likahamia Nairobi 1910, lilikuwa ulimi wa walowezi. Jomo Kenyatta aliwaandikia katika Manchester Guardian. Basi kilio cha Machakos kikasomwa Uingereza, na kwao hapakuwa na ukurasa wa kukichukua.

Ndipo Muindi, kiongozi wa Ukamba Members Association, alipotumia miguu badala ya wino. Julai 1938 aliongoza wanaume, wanawake na watoto hadi Nairobi, wakakaa Kariokor majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana. Hatimaye Gavana alikwenda Machakos mwenyewe, na kabla ya mwaka kwisha kulazimishwa kuuza kukakoma. Lakini Muindi alikwisha kamatwa na kupelekwa Lamu. Mwaka 1940 chama chake kikapigwa marufuku.

Alipofika Lamu, Al-Islah ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, iliyoanza Mombasa 1932, ilikuwa imekwisha nyamaza. Hatukuwa na karatasi hiyo ya kutueleza huyu ni nani, na kosa lake ni nini. Aliachiliwa baadaye, akauawa katika miaka ya Hali ya Hatari. Leo barabara moja ya Nairobi ina jina lake.

Ndugu wasomaji, mwenye mali hupata pa kusemea hata magazeti yote yakifa. Mnyonge hapati. Tusiihesabu hasara senti tuitoayo kwa gazeti la mji wetu, na asiyejua kusoma tumsomee.