Rudolf Diesel, mtu aliyetafuta namna ya kupulizia mafuta



Kila mara kamio inapita barabarani, tunasema «dizeli». Wengi wanafikiri ni jina ya mafuta tu. Hapana, ni jina ya mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, wazazi wake Wajerumani. Vita ya mwaka 1870 ikafukuza jamaa yao Ufaransa, wakakimbilia London. Maisha ilikuwa ngumu, basi mtoto wa miaka 12 akatumwa kwa jamaa kule Augsburg, Ujerumani, apate masomo. Mwaka 1879, kule München, tifoidi ikamzuia kumaliza pamoja na wenzake. Hakukata tamaa: mwaka 1880 akapita mtihani kwa alama za juu sana.

Mwalimu wake Linde aliwafundisha kwamba mashini ya mvuke inapoteza karibu moto wote wa makaa. Neno ile ikamkaa Diesel rohoni. Akaona kwamba hewa ikishindiliwa sana ndani ya silendre, inakuwa moto mpaka kuwasha mafuta bila cheche.

Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Lakini kuingiza mafuta namna gani? Mafuta ikiingia kama maji ya robine, inapiga kichwa cha pistoni na ukuta wa silendre, inabandika pale, inakosa hewa, inatoa masizi. Inafaa iwe kama ukungu, ikutane na hewa mbele ya kufika ukutani. Tarehe 10 Agosti 1893 alijaribu na esanse: ikawaka kwa nguvu mpaka chombo cha kupima kikapasuka. Januari 1894 akaweka hewa ya kushindiliwa ipulizie mafuta. Tarehe 17 Februari mashini ikatembea yenyewe, dakika moja tu! Akatengeneza na kubomoa miaka mitatu tena. Tarehe 17 Februari 1897 profesa Schröter akaipima: ilitumia asilimia 26,2 ya moto wa mafuta, kupita sana mashini za mvuke.

Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, dizeli moja ndogo ilitembea na mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa inafikiria Afrika, kwa sababu karanga ni mingi huku kwetu.

Lakini madeni ikamlemea. Usiku wa 29 Septemba 1913 alipotea kutoka meli Dresden, iliyotoka Antwerpen kwenda Uingereza. Maiti yake ilionekana baharini. Mpaka leo watu hawapatani juu ya sababu ya kifo chake.

Mashini yake ilikuwa nzito juu ya ile kompresa. Pompi ya Bosch ya mwaka 1927 ikasaidia kuiweka ndani ya kamio. Kisha esanse nayo ikapuliziwa ndani ya silendre. Gari Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilifanya hivi, lakini ukizima mashini, pompi iliendelea kidogo kutuma esanse. Ikaosha ukuta, ikaondoa mafuta ya kulainisha, ikashuka kuyachanganya kule chini. Mpaka leo mainjinia wanachagua saa, nguvu na upande wa kupulizia, hasa mashini ikiwa baridi, ili matone yasilowanishe ukuta.

Wandugu, dakika moja ya 1894 ilizaa kamio zote hizi. Mwenye kuanguka mtihani mara moja asitupe madaftari.