Miller Reese Hutchison, Fundi wa Honi ya Umeme
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Klabu ya Sayansi

Kengele ya baiskeli mnaijua nyote. Mahali penye kimya hulia vizuri na kupendeza. Barabarani, penye malori na kelele za mashine ya kusaga, ni kama mtu anayenong'ona sokoni.

Likizo iliyopita jirani yetu mmoja, mzee ambaye masikio yake yamekuwa mazito, aligongwa na baiskeli kwenye mteremko karibu na nyumbani. Kijana aliyekuwa akiiendesha alikuwa na gunia la mkaa nyuma, na breki zake hazikuweza kulizuia. Kengele aliipiga tangu juu ya mteremko. Mimi niliisikia nikiwa uani nyuma ya nyumba. Mzee, aliyekuwa hatua chache tu mbele yake, hakuisikia. Alivunjika mkono, na mpaka leo haunyooki sawasawa.

Niliporudi shuleni niliwaeleza wenzangu wa Klabu ya Sayansi habari hiyo, nasi tukakata shauri kutengeneza honi ya umeme ya baiskeli. Mwalimu wetu wa fizikia hakutukataza, ila alitutaka kwanza tusome maisha ya mtu aliyeitengeneza honi ya umeme iliyopata kujulikana dunia nzima. Nilidhani ni kupoteza muda. Baada ya kuyasoma niliona kuwa sivyo, na ndiyo sababu nimeyaandika hapa.

Miller Reese Hutchison alizaliwa tarehe 6 Agosti, 1876, katika kijiji cha Montrose, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Kijiji hicho kiko kando ya ghuba, na ng'ambo yake ni mji wa bandari uitwao Mobile. Mwaka huohuo wa 1876 Alexander Graham Bell alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa simu. Nautaja mwaka huo kwa sababu Hutchison alikua pamoja na simu, na kazi yake ya kwanza kubwa ilitoka humo.

Tangu utoto alipenda mambo ya umeme. Alipokuwa bado mwanafunzi alibuni chombo cha kukinga nyaya za simu za maandishi zisiharibiwe na radi. Alisoma katika chuo cha ufundi cha Alabama kilichokuwa mjini Auburn, akamaliza mwaka 1897. Mwaka uliofuata Marekani ilipigana na Hispania, naye akatumwa kama mhandisi katika kazi ya kulinda bandari za Ghuba ya Meksiko.

Lakini shauri lililomkaa moyoni lilikuwa jingine. Alikuwa na rafiki wa utotoni ambaye alipoteza kusikia kwa sababu ya homa. Hutchison alitaka rafiki yake asikie. Hapo alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya: hakuanza na waya wala betri, bali alianza na sikio lenyewe. Alikwenda kuhudhuria masomo ya chuo cha udaktari cha Alabama, huko Mobile, ili ajue jinsi sikio lilivyoumbwa na jinsi linavyopokea sauti. Huyu ni mtu wa uhandisi, lakini aliketi darasani na wanafunzi wa udaktari.

Kutokana na elimu hiyo alitengeneza chombo alichokiita Akouphone, mwishoni mwa karne ya 19. Kilikuwa na kinasa-sauti cha makaa kama kile cha simu, betri, na kipande cha kuweka sikioni. Mtu aliposema mbele ya kinasa-sauti, mtetemo wa sauti yake ulibana na kulegeza chembe za makaa, umeme uliopita ukaongezeka na kupungua vivyo hivyo, na sauti ikatoka sikioni ikiwa na nguvu zaidi. Kasoro yake ilikuwa ukubwa, kwani kilikaa mezani na hakikuweza kutiwa mfukoni. Alikipunguza, na chombo kipya kikaitwa Acousticon. Yasimuliwa kuwa Malkia Alexandra wa Uingereza, ambaye alikuwa na uzito wa masikio, alikitumia wakati mumewe Edward wa Saba alipotawazwa mwaka 1902, naye akamtunuku Hutchison medali. Baada ya miaka michache Hutchison aliiuza biashara hiyo kwa watu wengine, akageukia barabara.

Hapana budi tujue barabara za Marekani zilikuwaje siku hizo. Magari yalikuwa yameanza kuzidi. Watu kwa miguu, farasi, baiskeli na magari walipita njia moja bila mpango. Madereva wengine walitumia kengele, wengine firimbi, wengine tarumbeta yenye kibofu cha mpira cha kuminya kwa mkono. Vyombo hivyo vilitoa sauti nzuri, na hapo ndipo ilipokuwa taabu. Sauti nzuri mtu huisikia akaendelea na mambo yake.

Hutchison alitafuta sauti mbaya. Nasema kweli, alitafuta sauti isiyofanana na muziki, ambayo mtu akiisikia mara moja ashtuke na kugeuka. Wengine wangeona ni utundu tu. Yeye alikuwa akijua sikio.

Mtambo wake ulikuwa hivi. Ndani yake mlikuwa na mota ndogo iliyoendeshwa na betri. Mota ilizungusha gurudumu dogo gumu lenye meno. Mbele ya gurudumu palikuwa na kiwambo, yaani bamba jembamba la chuma lililobanwa ukingoni pande zote, kama ngozi ya ngoma inavyowambwa. Katikati ya kiwambo palikuwa na kinundu kigumu. Kila jino lilipopita lilikisukuma kinundu hicho, kiwambo kikabonyea kisha kikarudi, na sauti ikatoka kwa kupitia tarumbeta iliyokuwa mbele yake.

Tufanye hesabu kidogo. Kama gurudumu lina meno 10, na mota inazunguka mara 40 kwa sekunde, basi kiwambo hupigwa mara 400 kwa sekunde. Mota haifiki mwendo wake wote mara moja. Huanza polepole, hushika kasi, kisha umeme ukikatwa hupunguza tena, na sauti nayo hupanda na kushuka. Ndiyo sababu honi ile ilitoa mlio kama mnyama anayeguta, uu-aa-ga. Pia kwa kuwa meno yanapiga kwa ghafula wala si kwa ulaini, ndani ya mlio ule mna sauti nyingine nyingi zilizo juu yake. Sikio la binadamu lenye afya husikia vema zaidi sauti za mitetemo kama 2,000 hadi 5,000 kwa sekunde. Basi honi ile ilikuwa na sauti nene na sauti nyembamba kwa pamoja, na sikio likikosa hii hudaka ile.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mzee wetu. Mwalimu alitueleza kuwa mtu anapozeeka, kwa kawaida sauti nyembamba za juu ndizo zinazopotea kwanza masikioni mwake, na sauti nene hubaki. Kengele ya baiskeli ni sauti nyembamba karibu yote. Mimi nina miaka 17, kwa hiyo niliisikia kutoka uani. Yule kijana hakuwa na kosa la kutopiga kengele, na mzee hakuwa na kosa la kutojali, ingawa nyumbani watu walimlaumu yeye.

Mwaka 1908 kampuni ya Lovell-McConnell ya mji wa Newark, jimbo la New Jersey, ilianza kuishughulikia honi hiyo. Mwenye kampuni aliipa jina Klaxon, kutoka neno la Kigiriki cha kale lenye maana ya kupiga ukelele. Jina hilo lilienea mno hata likasahauliwa kuwa lilikuwa alama ya biashara. Kwa Kifaransa honi yoyote ya gari huitwa klaxon mpaka leo, na jirani zetu wa Kongo na Burundi hulitumia. Honi hizo zilifungwa katika magari, pikipiki, mashua na viwanda. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 askari waliokuwa katika mahandaki walizitumia kuonyana kuwa gesi ya sumu inakuja, na katika manowari za chini ya maji zililia kuwajulisha wanamaji kuwa chombo kinazama kwenda chini.

Watu walimfanyia mzaha. Walisema kuwa ametengeneza honi ili awatie watu uziwi, wapate kununua chombo chake cha kusikilizia. Ni mzaha mzuri, lakini una kweli yake, maana mji uliojaa honi hizo haukuwa mahali pa kupumzika.

Baadaye Hutchison alifanya kazi na Thomas Edison, akawa mhandisi mkuu wa maabara yake huko West Orange, New Jersey. Jambo la ajabu ni kwamba Edison mwenyewe alikuwa karibu kiziwi. Kazi kubwa ya Hutchison hapo ilikuwa kuishawishi serikali iweke betri za Edison, zilizotengenezwa kwa nikeli na chuma, katika manowari. Betri za kawaida za risasi na asidi zikiingiwa na maji ya chumvi hutoa gesi ya klorini ambayo huua, na betri za Edison hazikuwa na hatari hiyo. Lakini zilitoa haidrojeni. Tarehe 15 Januari, 1916, manowari iitwayo E-2 ikiwa katika bandari ya jeshi huko Brooklyn, New York, haidrojeni iliyokusanyika ndani yake ililipuka, watu wakafa na wengine wakajeruhiwa. Pakawa na mabishano makali juu ya nani wa kulaumiwa, watu wa Edison au wanamaji. Sikuweza kusoma sehemu hii bila kufikiri kwamba mtu aliyeipa dunia sauti ya kuonya, hapo hatari ilikuja kimya. Aliacha kazi kwa Edison mwaka 1918, akaendelea na shughuli zake mwenyewe, na alifariki New York mwezi wa Februari, 1944.

Sasa habari za honi yetu. Mota tuliitoa katika redio-kaseti iliyokufa. Gurudumu la meno lilitoka katika saa ya ukutani, nalo lina meno 12. Kiwambo ni mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, tarumbeta ni faneli ya mafuta ya taa, na umeme ni mawe manne ya tochi yaliyopangwa mfululizo, ambayo hutoa volti 6. Swichi tumeifunga kwenye usukani, karibu na kidole gumba.

Mara ya kwanza haikulia kabisa. Kinundu kilikuwa kimesogea mno kwenye meno, mota ikakwama, na waya ukapata moto hata ukaunguza kidole cha mwenzetu mmoja. Tulipokirudisha nyuma ikalia kama nzi ndani ya chupa. Ndipo tulipoweka parafujo ya kusogeza kiwambo mbele na nyuma, na tukagundua kuwa tofauti kati ya honi na nzi ni robo ya mzunguko wa parafujo. Wiki mbili zilikwisha katika jambo hilo tu.

Tuliijaribu karibu na jenereta ya shule ikiwa inanguruma. Mwenzetu mmoja alisimama akitupa mgongo, amefumba macho, akaambiwa ainue mkono atakaposikia. Kengele ya kawaida aliisikia tulipofika hatua 9 kutoka kwake. Honi aliisikia tukiwa hatua 40.

Kasoro zimebaki. Mawe ya tochi hayamalizi wiki mbili. Mvua ikinyesha mfuniko hushika kutu. Mwalimu anasema tungefanya kama honi nyingi za magari za sasa, ambazo hazina mota. Zina sumaku-umeme inayovuta kiwambo, na kiwambo kikivutwa hukata umeme chenyewe, kikarudi, umeme ukashika tena, mara mamia kwa sekunde. Ni kanuni ileile ya kengele ya umeme iliyo katika maabara yetu. Tutaijaribu muhula ujao. Mzazi au msomaji aliye na honi mbovu ya pikipiki, ambayo haina kazi tena, anaombwa aipeleke kwa mwalimu wa fizikia. Hata kama haina kiwambo tutaipokea.

Nami likizo hii nitakwenda na honi yetu nyumbani. Mzee amekubali kusimama njiani, na nimemwahidi kuwa nitakuwa nikiikokota baiskeli kwa miguu.