Yashin, Kipa wa Nchi Iliyotoweka

Katika kandanda hakuna anayelaumiwa kama kipa. Mshambuliaji akipoteza nafasi kumi tunasema hana bahati. Kipa akiteleza mara moja tu, habari zake zinafika mpaka jikoni. Nayajua haya kwa sababu mimi mwenyewe ndimi nikaaye langoni katika timu ya bweni letu. Basi nimeshika kalamu niwasimulie juu ya Lev Yashin, aliyelinda lango la Umoja wa Kisovieti, nchi ambayo leo ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, maana ilivunjika Desemba 1991.

Yashin alizaliwa Moscow tarehe 22 Oktoba 1929. Wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa kiwandani, na Vita Vikuu vya Pili vilipowafikia, yeye naye akaingia kiwandani kusaidia kutengeneza vifaa vya jeshi. Alikuwa na miaka 12. Hebu fikiri, umri wa mtoto wa shule ya msingi! Alipofika miaka 18 akili na mwili vikamchoka kabisa, akaacha kazi, akajiunga na jeshi. Huko ndiko alikoonekana akidaka, akachukuliwa na klabu ya Dynamo Moscow.

Mwanzo wake, jamani, ulikuwa wa aibu. Katika mechi moja ya kirafiki kipa wa upande wa pili aliupiga mpira mrefu kutoka langoni kwake. Yashin akatoka mbio kuudaka, akagongana na beki wake, mpira ukajiendea wavuni. Kufungwa na kipa mwenzako! Akarudishwa benchi. Kwa muda akawa akicheza pia hoki ya barafuni, huko nako akiwa kipa, na mwaka wa 1953 timu yake ikatwaa kombe la nchi.

Mwaka wa 1954 akaitwa timu ya taifa. Wakanyakua dhahabu ya Olimpiki mjini Melbourne mwaka wa 1956, kisha mwaka wa 1960 wakawa mabingwa wa kwanza wa Ulaya, walipoishinda Yugoslavia 2-1 mjini Paris katika muda wa nyongeza. Zamani kipa alisubiri mpira chini ya mwamba wa goli. Yashin alitoka, akaupiga ngumi, akawapigia mabeki kelele, na akishaudaka aliurusha upesi kwa mkono ili mashambulizi yaanze. Kwa kuwa alipenda kuvaa nguo nyeusi, alibandikwa jina la Buibui Mweusi. (Msomaji wa Pwani usicheke, ni yule mdudu, si vazi la akina mama.)

Ndipo ukaja mwaka wa 1962, Kombe la Dunia nchini Chile. Pale Arica, Wasovieti walikuwa wakiongoza 4-1 dhidi ya Colombia, lakini mchezo ukaisha 4-4. Bao moja liliingia moja kwa moja kutoka kwa kona, na mpaka leo halijapatikana la pili la namna hiyo katika Kombe la Dunia la wanaume. Kwenye robo fainali wakatolewa na wenyeji 2-1. Wakati huo michezo ya Chile haikuonyeshwa moja kwa moja kwenye runinga za Ulaya. Watu wa Moscow walisoma tu gazetini kwamba kosa ni la Yashin, wakaamini. Aliporudi akazomewa uwanjani, na vioo vya madirisha ya nyumba yake vikavunjwa. Alikuwa na miaka 32. Akataka kuacha mpira kabisa, akaenda zake kuvua samaki, mchezo wake mwingine alioupenda.

Lakini akarudi. Msimu wa 1963 Dynamo ilitwaa ubingwa, na yeye akafungwa mabao yasiyofika 10 katika ligi nzima. Oktoba 23 mwaka huo, siku moja baada ya kutimiza miaka 34, alisimama Wembley kuichezea timu ya wachezaji bora wa dunia dhidi ya Uingereza. Alidaka kipindi cha kwanza tu, na hakuna aliyemfunga. Kumbe, mabao mawili ya Uingereza yaliingia yeye akiwa ameshapumzishwa! Mwaka huo akapewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Hakuna kipa mwingine aliyewahi kuipata.

Mwaka wa 1966 timu yake ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia. Alipoaga mwaka wa 1971, watu kama 100,000 waliujaza uwanja wa Moscow, mji uleule uliomzomea.

Uzeeni hakustarehe. Alikuwa mvutaji sigara mkubwa, akakatwa mguu, halafu saratani ya tumbo ikamwua tarehe 20 Machi 1990, akiwa na miaka 60. Timu yake ya taifa ilicheza mara ya mwisho Novemba 1991, ikaifunga Cyprus 3-0, na mwezi uliofuata nchi yenyewe ikavunjika. Miaka mitatu baadaye, Kombe la Dunia la 1994 lilipochezwa Marekani, kipa bora alipewa tuzo iliyoitwa kwa jina la Yashin. Aliyeipata alikuwa Michel Preud'homme wa Ubelgiji.