Maisha ya Bwana Walter von Saint Paul-Illaire

Bwana huyu alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1860. Mwaka 1890 alitoa kitabu cha kujifunzia Kiswahili, na kuanzia 1891 mpaka 1910 alikuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, siku zile Wajerumani walipotutawala. Lakini kilicholieneza jina lake duniani si utawala wala kitabu, bali ni ua dogo.

Mwaka 1892, upande wa Tanga na milima ya Usambara, aliona mmea uliomea kivulini, penye miamba na unyevu. Majani yake yalikuwa manene, yenye malaika, na maua yake ya rangi ya zambarau. Katika vitabu vya wataalamu mmea huo haukuwamo. Basi akampelekea mbegu baba yake, aliyekuwa mpenda bustani huko Ujerumani. Kwa baba yake, habari zikamfikia Bwana Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Bingwa huyo aliuchunguza, akaona ni mpya, na mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya baba na mwana. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia katika kundi la Streptocarpus.

Bwana Walter alifariki mwaka 1940. Ua lile sasa hupandwa vyunguni majumbani Ulaya na Marekani, tena kwa urahisi: jani moja likichomekwa katika udongo wenye unyevu, huota. Lakini kwao Usambara limo hatarini, kwa sababu misitu hukatwa.

Katika maisha haya naona mafunzo mawili. Kwanza, jina halikupatikana kwa mtu mmoja. Mwana alimwuliza baba, na baba akamwuliza bingwa. Pili, Wasambaa waliishi jirani na ua hilo kabla mgeni huyo hajazaliwa, lakini katika jina lake la kitaalamu hawatajwi. Asiyeandika, huandikiwa na mwingine.

Hapa kwetu Akheri, barazani mna maua mengi makoponi yasiyo na vibao. Wanafunzi wenzangu, tuwaulize mama zetu, majirani waliotugawia miche, na walimu wetu wa Elimu ya Viumbe. Kisha tuandike majina yote, la Kimeru, la Kiswahili na la kitaalamu, maadamu wanaoyajua wangali hai.