Mtakatifu Yohane Bosco: Mwana wa Mkulima na Elimu ya Mikono

Kila tarehe 31 Januari Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yohane Bosco, Padre, baba na mwalimu wa vijana. Katika parokia zetu wengi wanamfahamu kwa picha yake, amevaa kanzu nyeusi na kuzungukwa na watoto, au kwa vyuo vya ufundi vyenye jina lake, vikiwemo vile vya Dodoma na Embu. Lisilosemwa sana ni kwamba mtakatifu huyu, aliyefanya utume wake mjini, alikuwa mwana wa mkulima, na kwamba namna yake ya kuwalea vijana ilianzia shambani. Ilianzia, kwa kweli, katika ugomvi wa nyumbani juu ya swali ambalo bado linazisumbua familia nyingi za vijijini: mtoto wa mkulima asome, au ashike jembe?

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo d'Asti, mkoani Piemonte, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Francesco, alifariki dunia Mei 1817 kwa homa ya mapafu, Yohane akiwa hajatimiza miaka miwili. Mwaka huohuo njaa iliikumba nchi. Mjane Margherita Occhiena akabaki na shamba dogo, mama mkwe mgonjwa na watoto watatu: Antonio, mtoto wa mke wa kwanza wa marehemu, kisha Giuseppe, na Yohane, kitinda mimba.

Yohane alijifunza kusoma kwa padre mmoja katika kijiji cha jirani, na tangu alipopata ile ndoto maarufu akiwa na miaka tisa, moyo wake ulielekea upadre. Antonio hakupendezwa. Kila alipomkuta mdogo wake na kitabu mkononi, nyumba iliwaka moto wa maneno. Masimulizi mengi humchora Antonio kama mtu mkorofi tu, na sidhani kama hiyo ni haki. Alifiwa na baba akiwa na miaka tisa, na tangu hapo mikono yake ndiyo iliyosaidia kuilisha familia. Alikua kwa jembe, na hakuona kwa nini mtu mmoja avunjike mgongo ili mwingine ajifunze Kilatini. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kitabu na jembe haviwezi kukaa katika nyumba moja.

Mama Margherita, akitafuta amani, alifanya lililomuuma: akamtuma Yohane, mwenye umri wa miaka 12 hivi, akatafute kazi ya kibarua. Alipokewa katika shamba la familia ya Moglia, akakaa huko karibu miaka miwili akichunga ng'ombe, akiongoza maksai wa kulimia na kufunga matawi ya mizabibu. Jumapili aliwakusanya watoto wa jirani, akawafundisha katekisimu na kucheza nao. Baadaye padre mzee, Don Calosso, alianza kumfundisha Kilatini, lakini naye akafariki mwaka 1830. Ndipo Margherita alipogawa mali ya familia, Antonio akachukua sehemu yake, na njia ya shule ikafunguka.

Njia hiyo ilikuwa wazi, ila fedha hazikuwepo. Huko Castelnuovo Yohane alipanga kwa fundi mshonaji aitwaye Roberto, na saa zilizobaki baada ya masomo alijifunza kukata nguo, kushona na kutia vifungo. Akajifunza pia kupiga chuma kwa mhunzi mmoja. Alipohamia Chieri mwaka 1831 alifika hatimaye kufanya kazi katika mkahawa, akajifunza kutengeneza peremende na vinywaji, huku akilala mahali pafinyu mno. Mshonaji alivutiwa na wepesi wa mikono yake kiasi cha kumtaka aache shule abaki dukani, na mwenye mkahawa naye akamshawishi vivyo hivyo. Yohane aliwakatalia wote wawili. Lakini ujuzi aliutunza, na tutaona ulivyomfaa.

Alipewa daraja takatifu ya upadre mjini Torino tarehe 5 Juni 1841. Padre Yosefu Cafasso, ambaye leo ni mtakatifu, alikuwa mlezi wake, akamwongoza hadi magerezani. Huko Don Bosco alikuta vijana wadogo wamefungwa pamoja na wahalifu wazoefu. Wengine walikuwa wameshatoka mara moja na kurudi tena, kwa sababu nje hawakuwa na mtu wala kazi. Akatazama mitaa ya jiji. Torino ilikuwa ikikua, na mabonde na vilima vilikuwa vikimwaga watoto wao humo: waashi, wakata mawe, wapiga lipu, wengi wakiwa hawajui kusoma na hawana parokia inayowafahamu. Tarehe 8 Desemba 1841, katika kanisa la Mtakatifu Francisko wa Asizi, mtunza sakristia alimfukuza kijana mmoja aliyeingia bila kujua kutumikia Misa. Don Bosco akaagiza aitwe. Kijana huyo, Bartolomeo Garelli, alikuwa yatima wa miaka 16, mwashi kutoka Asti, ambaye hata ishara ya msalaba hakuijua vizuri. Kwa Don Bosco, kazi yake yote ilianzia siku hiyo.

Kundi lilikua, likahamahama kama watu wasio na makao, hadi Pasaka ya mwaka 1846 lilipopata kibanda cha Pinardi huko Valdocco. Mwishoni mwa mwaka huo Mama Margherita, aliyekaribia umri wa miaka 60, aliacha shamba lake akaja kuwa mama wa watoto wa watu. Akalima bustani ya mboga kwa ajili ya chakula chao. Siku moja vijana, wakicheza vita kwa shauku, waliikanyaga bustani yote. Mama mkulima aliona jasho lake limetawanyika chini, akataka kurudi Becchi. Mwanawe hakumjibu kwa hoja. Alimwonyesha tu msalaba uliokuwa ukutani, naye akabaki hadi kifo chake mwaka 1856.

Kuwapa vijana mahali pa kulala hakukuwa rahisi. Wale wa kwanza waliohifadhiwa katika nyasi za ghalani walitoroka alfajiri na mablanketi. Mei 1847, usiku wa mvua, alibisha hodi yatima mwingine kutoka bonde la Sesia, mwashi asiye na kazi, ameloa chapachapa. Mama na mwana wakamtandikia jikoni. Yeye ndiye wa kwanza wa maelfu.

Mchana vijana walienda kwa mafundi wa mjini, na Don Bosco aliwafuata huko huko: alipanda majukwaa ya ujenzi na kuingia karakana kuwaona. Alichokiona kilimfanya achukue karatasi na kalamu. Tangu mwaka 1851 alianza kuwawekea vijana mikataba ya uanagenzi. Ule wa Februari 1852, uliomhusu kijana Giuseppe Odasso na seremala Giuseppe Bertolino, umehifadhiwa hadi leo. Bwana alifungwa kumfundisha kijana useremala na si kumfanya mtumishi wa nyumbani. Kumwonya kwa maneno, si kwa kipigo. Kumpa mapumziko siku za sikukuu. Na kumlipa ujira unaopanda kadiri ujuzi unavyoongezeka. Kijana naye aliahidi utii na bidii, na Don Bosco akatia sahihi kama mdhamini. Msomaji mwenye mtoto aliyewahi kupelekwa kwa fundi bila makubaliano yoyote atapima mwenyewe uzito wa karatasi hiyo.

Hata hivyo mikataba haikutosha, maana karakana nyingi za mjini ziliharibu tabia haraka kuliko zilivyofundisha kazi. Basi mwaka 1853 akaanzisha karakana zake mwenyewe: viatu na ushonaji kwanza, kisha kujalidi vitabu mwaka 1854, useremala mwaka 1856, na katika miaka ya 1861 na 1862 kiwanda cha chapa na uhunzi. Nafasi ilikuwa finyu, na vifaa duni. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza ya viatu padre mwenyewe alikaa kwenye kigoda, akapigilia soli mbele ya vijana wake. Hakuwa akiigiza, kazi za mikono alizijua. Jioni kulikuwa na masomo ya kusoma, hesabu na katekisimu. Vipimo vya mita na kilo vilipokaribia kuwa sheria nchini, alitunga kijitabu cha kuvieleza kwa lugha nyepesi, kilichotoka mwaka 1849, ili mkulima na fundi wasipunjwe sokoni.

Tena hakuwafungia ndani. Mwezi Oktoba, baada ya sikukuu ya Rozari huko Becchi, alitoka na makumi ya vijana waliojitahidi, wakatembea kwa miguu katika vilima vya Monferrato kijiji hata kijiji. Walibeba matarumbeta na vifaa vya maigizo, walilala juu ya majani makavu, walikula walichopewa na wenyeji, mara nyingi ugali wa mahindi ambao wao huuita polenta. Waliimba Misa, wakacheza maigizo jioni, na kesho yake wakaendelea. Vijana waliozoea moshi wa karakana walijifunza huko mavuno ya zabibu, ramani ya nchi yao, na adabu ya mgeni. Safari hizo ziliendelea hadi mwaka 1864.

Katika safari hiyo ya 1864 walifika Mornese, na hapo Don Bosco akakutana na Maria Mazzarello, binti wa wakulima. Alikuwa na nguvu za kushindana na wanaume katika mizabibu hadi ugonjwa wa taifodi ulipomwangusha mwaka 1860. Nguvu zisiporudi, alijifunza ushonaji, akafungua chumba cha kuwafundisha wasichana wa kijijini kushona na kumpenda Mungu. Alikuwa amefika peke yake palepale alipofika Don Bosco. Mwaka 1872 wakaanzisha pamoja shirika la Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristo.

Isidhaniwe kwamba yote yalikwenda sawa. Huko Valdocco waliosoma Kilatini walipewa heshima zaidi, na wanagenzi wakaonekana kundi gumu la pembeni. Ugomvi wa Antonio ulikuwa umeingia kwa mlango mwingine. Suala hilo lilijadiliwa katika mikutano mikuu ya Wasalesiani ya mwaka 1883 na 1886. Mkutano wa mwaka 1886 uliagiza kwamba mwanagenzi alelewe kwa pamoja katika dini, akili na ufundi, ili akitoka awe na kazi ya kumpatia riziki kwa heshima. Mabruda walei wa shirika ndio waliobeba sehemu kubwa ya jukumu hilo, wakiwa walimu wa karakana.

Jembe nalo halikusahauliwa. Mwaka 1878, huko La Navarre kusini mwa Ufaransa, Wasalesiani wake walipokea shamba lenye yatima, na kilimo kikafundishwa kama ufundi wenye hadhi yake.

Alifariki alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, akiwa na miaka 72. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934, na mwaka 1958 Papa Pio XII akamweka kuwa msimamizi wa wanagenzi wa Italia.