Kijumwa, malenga wa Lamu aliyemtia Liyongo katika wino

Wazee wa Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, wakianza kusimulia habari za Luanda Magere hawahitaji kitabu. Kila mtoto wa Kijaluo anajua kwamba shujaa huyo wa Kano alikuwa na mwili wa jiwe usiopenywa na mkuki, na kwamba aliponzwa na mkewe, binti wa maadui, aliyegundua kuwa uhai wa mumewe umo kivulini. Mwandishi wa makala haya alilelewa na masimulizi hayo. Ndiyo maana alipokutana mara ya kwanza na kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa pwani asiyeuawa kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ya kuchomwa kitovuni, alidhani kuwa amemwona ndugu wa Magere aliyehamia baharini.

Tofauti ni moja. Liyongo alipata karani. Jina la karani huyo ni Muhammad bin Abubakar Kijumwa, ambaye baadhi ya wataalamu humwandika Kijuma, mzaliwa wa Lamu.

Kijumwa alizaliwa yapata mwaka 1855, wakati Lamu ikiwa chini ya masultani wa Unguja. Ulikuwa mji wa majahazi, wa nyumba za mawe na wanazuoni, na mali yake ilitoka katika mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa. Kijana huyo alisoma kama walivyosoma watoto wa waungwana, lakini mikono yake haikutosheka na kalamu. Alichonga mbao na kupiga ala za muziki. Alitunga nyimbo, akawa mtu wa kutegemewa katika mashindano ya ngoma baina ya mitaa, ambako timu moja ilijibizana na nyingine kwa mashairi makali. Mwandiko wake wa hati za Kiarabu ulikuwa mzuri kiasi cha kumfanya mtazamaji asiyejua kusoma asimame autazame.

Si kila mtu alipendezwa. Katika mji wenye wacha Mungu wengi, mtu wa muziki na ngoma hakosi wa kumnyooshea kidole, na Kijumwa hakukosa.

Mambo yalibadilika akiwa mtu mzima. Mwaka 1890 Waingereza walitangaza himaya yao juu ya milki ya Sultani. Reli ilipotoka Mombasa na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, biashara iliifuata, na Lamu ikabaki nyuma na majahazi yake. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku rasmi katika ukanda wa pwani, na matajiri wengi waliotegemea jasho la wengine wakafilisika. Mji uliokuwa ukiwalisha washairi na mafundi wake haukuwa tena na cha kuwapa.

Hapo ndipo alipotokea mteja wa aina mpya. Kati ya 1911 na 1913 mtaalamu wa lugha kutoka Uingereza, Bi Alice Werner, alizuru Afrika Mashariki akikusanya maandishi ya Kiswahili. Kijumwa alimwandikia, na mwaka 1913, akikaribia umri wa miaka 60, alitunga Utenzi wa Fumo Liyongo.

Kisa chenyewe hakikuwa kigeni. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alikuwa amekwisha kuchapisha habari za Liyongo kwa nathari katika kitabu chake cha hadithi za Waswahili mwaka 1870. Wapwani waliimba nyimbo zilizosemekana kuwa za Liyongo mwenyewe. Wanahistoria hadi leo hawaafikiani aliishi karne gani. Wapo wanaomrudisha nyuma karne nyingi kabla ya Wareno, na wapo wanaomsogeza karibu zaidi. Alichofanya Kijumwa ni kuvikusanya vipande hivyo na kuvipanga katika beti zaidi ya 200, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani minane, mishororo mitatu ya mwanzo ikioana kwa kina na wa nne ukirudia kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Liyongo ni jitu la Shaka, mwana wa mfalme aliyenyimwa kiti. Sultani wa Pate, jamaa yake, anamwonea wivu, anamfunga gerezani na kuamuru auawe. Mama yake anamtuma mjakazi Saada kumpelekea chakula, lakini walinzi wanakula mikate mizuri na kumwachia mfungwa mkate wa wishwa. Ndani ya mkate huo mna tupa. Liyongo anaomba achezewe ngoma ya gungu kama buriani yake, na pembe, matuazi na upatu vinapolia kwa pamoja, yeye anakata minyororo na hakuna anayesikia.

Sehemu hiyo ndiyo bora katika utenzi wote, kwa maoni ya mwandishi huyu, na sababu si ya kutafutwa mbali. Mtunzi wake alikuwa mpiga ala. Aliijua gungu kwa vidole vyake.

Mwisho wa shujaa unajulikana. Mwanawe wa kumzaa anahongwa kwa ahadi ya cheo, anamdadisi babaye siri ya kifo chake, kisha anamchoma usingizini. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kuvuta upinde, na kufia papo hapo. Kwa siku kadhaa watu wa mji wanakaa na kiu kwa kumwogopa maiti. Mwana naye hakupewa alichoahidiwa.

Katika miaka hiyohiyo ya uhai wa Kijumwa, Uingereza nako kulikuwa na mshairi aliyefanya kazi ya namna hii. Alfred Tennyson, malenga wa Malkia Victoria tangu 1850, alichukua visa vya Mfalme Arthur vilivyochapishwa Westminster mwaka 1485 na kuvigeuza kuwa mfululizo wa tenzi ndefu, akianza kuzitoa 1859 na kuukamilisha mwaka 1885. Arthur pia anamalizwa na damu yake. Lakini Tennyson alifariki mwaka 1892 akiwa amevikwa ubwana, vitabu vyake vikiuzwa kwa maelfu. Kijumwa alilipwa kwa kazi ya nakala, na utenzi wake ulisubiri miaka kadhaa kabla Bi Werner hajauchambua mbele ya wasomi wa London katika miaka ya 1920.

Hata hivyo kalamu haikupumzika. Alinakili Utenzi wa Mwana Kupona, alinakili Al-Inkishafi, akampelekea miswada William Hichens, aliyechapisha Al-Inkishafi mwaka 1939. Alipokuwa na umri wa miaka 80 hivi alifanya kazi na Mjerumani Ernst Dammann, ambaye mwaka 1940 alitoa kitabu kikubwa cha tenzi za lahaja ya Lamu. Wenyeji wengine walimlaumu kwa ukaribu huo na wageni, kwamba anauza hazina ya mji. Lawama hiyo haifai kupuuzwa, maana karatasi zenyewe kweli ziliondoka. Lakini nyumbani zingesomwa na nani wakati ule, na mchwa na unyevu wa Lamu zingevihimili kwa muda gani?

Kijumwa alifariki mwaka 1945. Mwaka 1973 mshairi wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliuhariri Utenzi wa Fumo Liyongo na kuuandikia utangulizi na maelezo, ukachapishwa na Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mjini Dar es Salaam. Kwa njia hiyo ulifika mikononi mwa wasomaji wa bara, hata wale waliokuwa hawajaiona bahari, wakiwemo sisi tuliomjua Magere kwanza.

Miswada yake mingi ingali London, katika maktaba ya Chuo cha Masomo ya Mashariki na Afrika. Wino umetulia, herufi zimesimama wima, na pambizoni mwa baadhi ya kurasa mna mapambo aliyoyachora kwa mkono uleule uliokuwa ukichonga mbao.